Aliyeijenga timu, kisha akakaa benchi

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi? Na ninyi mabinti mliojibanza huko nyuma na jezi zenu, hamjambo? Sogeeni mbele, viti vipo. Habari niliyokuja nayo ni yenu kuliko ya mtu mwingine humu ndani.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze juu ya mwanamichezo wa kike, nadhani alitegemea nimtaje mkimbiaji. Wakimbiaji tunao, na sifa zao mnazijua hata kuliko mimi. Leo nimewaletea mwanamke wa Kijapani anayeitwa Mari Motohashi. Mchezo wake ni kelingi, mchezo wa kusukuma jiwe juu ya barafu. Naona mnatazamana. Nivumilieni kidogo.

Waliocheza gololi utotoni wataelewa upesi. Si mnajua lile duara la mchangani, unatafuta kuingia ndani na kumtoa mwenzio nje? Basi kelingi ni hivyo hivyo, ila gololi ni jiwe la itale lenye uzito unaokaribia kilo 20, lina mkono juu kama wa birika, na mchanga ni ukanda wa barafu wenye urefu wa mita 45 hivi. Mwisho wa ukanda kuna duara ndani ya duara, nao huliita nyumba. Kila timu ina wachezaji wanne, kila mmoja anasukuma mawe mawili katika raundi moja, na raundi ni kumi. Mwisho wa raundi, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha nyumba ndiyo inayopata pointi.

Sasa sikilizeni utamu wake. Barafu ile haiachwi laini. Hunyunyiziwa matone ya maji, yakaganda yakawa vipele vidogo vidogo, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Mchezaji akiliachia huku analizungusha kidogo, jiwe linakwenda likipinda taratibu. Wenzake wawili wanatangulia mbele yake na brashi, wanasugua barafu kwa nguvu zao zote. Barafu ikisuguliwa inapata joto kidogo, jiwe linafika mbali zaidi na kupinda kwake kunapungua. Nahodha yuko kule mwisho, anasoma njia, anapaza sauti: sugueni, acheni, sugueni tena! Mchezo mzima unaweza kuchukua saa mbili na nusu, na mtu akatoka amekauka koo.

Na mawe hayafanani. Yanachongwa kwa kipimo kimoja, yanang'aa sawa, lakini kila moja lina tabia yake. Hili linapinda sana, lile linapinda kidogo, jingine lina haraka kuliko mwenzake. Mlishike neno hilo la tabia za mawe, nitalirudia.

Motohashi alizaliwa mwaka 1986 katika mji mdogo wa Tokoro, kaskazini mwa Japani, kisiwani Hokkaido, kando ya bahari ya Okhotsk. Wakati wa baridi kali bahari ile hujaa mapande ya barafu yanayoelea. Watu wa Tokoro ni wavuvi na wakulima. Wanafuga aina ya chaza waitwao hotate, na nchi ya ndani kidogo, upande wa Kitami, wanalima vitunguu kuliko pengine popote Japani. Mji wenyewe ulikuwa na watu wasiozidi elfu chache, na mwezi Machi 2006 ukaunganishwa na manispaa ya Kitami.

Mji kama huo ulipataje kelingi? Jibu ni mzee mmoja muuza pombe ya mchele, Yuji Oguri. Mwaka 1980 alikuja Hokkaido mwalimu kutoka Alberta, Kanada, anaitwa Wally Ursuliak, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Mzee Oguri alikwenda kujifunza, akarudi kwao na moto kifuani. Mawe ya itale hakuwa nayo. Yeye na wenzake wakachukua vipipa vidogo vya bia, wakavijaza vipate uzito, wakavifanya mawe. Uwanja hawakuwa nao. Wakashindilia theluji nje, wakaimwagia maji usiku ili ipambazuke imekuwa barafu. Naomba muwaone watu wazima hao, na biashara zao, na familia zao, wako nje usiku kwenye baridi ile wanamwaga maji ili kesho wasukume vipipa. Mwaka 1988 mji ukajenga ukumbi wa kelingi wa ndani, wa kwanza Japani. Motohashi alikuwa bado mtoto mdogo.

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ikaja Nagano, Japani, mwaka 1998. Ndugu zetu Wakenya mnaikumbuka, maana ndiyo aliyoteleza Philip Boit kwenye theluji kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Michezo hiyohiyo ndiyo kelingi ilipoingizwa rasmi kugombea medali. Wachezaji wa Tokoro walikuwemo kwenye timu ya Japani. Motohashi alikuwa na miaka 11, na muda mfupi baadaye akaanza kusukuma mawe kwenye ukumbi ule, chini ya macho ya mzee Oguri.

Lakini mji mdogo ni mji mdogo. Mchezaji akipevuka, kazi hakuna, fedha za safari hakuna. Wakubwa wake wawili wa mchezo huko Tokoro, Ayumi Onodera na Yumie Hayashi, walikuwa wamekwisha kucheza Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, kisha wakahamia Aomori, ng'ambo ya mlango wa bahari, kulikokuwa na kazi na msaada. Motohashi naye akawafuata mwaka 2005.

Februari 2006 wakaenda Torino, Italia, yeye akiwa na miaka 19. Timu ya Aomori ilishinda mechi nne ikapoteza tano, ikashika nafasi ya saba. Waliwafunga Wakanada, na kuwafunga Wakanada kwenye kelingi si jambo dogo hata kidogo. Japani nzima ikashikwa na homa ya mchezo ambao wengi walikuwa hawajawahi kuutazama. Magazeti na televisheni vikawapachika wasichana wale jina la utani lililonakiliwa kutoka kundi la waimbaji wa kike, na Motohashi akaitwa Marilyn. Uso wake ukawa kila mahali.

Hapa nataka kusema jambo linalonikera. Binti anasugua barafu mpaka mikono inatetemeka, anasoma njia ya jiwe kwa jicho ambalo limemchukua miaka kulinoa, halafu swali la kwanza analoulizwa ni juu ya nywele zake. Ninyi mabinti mnalijua hilo, limewapata hapahapa. Motohashi alilibeba miaka mingi. Alijua pia kwamba macho yale yanaleta watu ukumbini, na watu wakija watoto wao watasukuma mawe. Akalitumia jina lake kwa ajili ya mchezo. Mimi nisingekuwa na uvumilivu wake.

Mwaka 2010 wakaenda Vancouver. Mechi tatu wakashinda, sita wakapoteza, nafasi ya nane. Nyuma kuliko mara ya kwanza.

Angefanya nini mwingine pale? Jina analo, timu ya Aomori ipo, wafadhili wapo. Yeye akarudi kijijini kwao. Agosti 2010, akiwa na miaka 24, akaanzisha timu mpya Kitami, akaiita Loco Solare. "Loco" amelitoa kwenye neno la Kiingereza "local", yaani la kienyeji, na kwenye jina la watoto wa Tokoro, na "solare" ni Kiitaliano, la jua. Wenzake wa mwanzo walikuwa wasichana wa hukohuko, na miongoni mwao Yurika Yoshida na Yumi Suzuki, mabinti wafupi wenye kasi ya ajabu kwenye brashi.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, lakini kwa Motohashi tuzo haikuja siku ya kwanza. Ilimbidi abishe hodi kwenye milango ya biashara moja baada ya nyingine, akieleza kwa nini timu ibaki hapa badala ya kuhamia mji mkubwa. Wachezaji walifanya kazi za kawaida na jioni wakaenda ukumbini. Walipojaribu kufuzu kwenda Olimpiki ya Sochi walishindwa, na timu iliyokwenda Sochi ilikuwa ya Sapporo, na nahodha wake alikuwa Ayumi yuleyule, mwenzake wa Torino. Ikapita miaka mitatu, ikapita minne, na matunda hayajaonekana. Naomba walimu wenzangu mlipime hili. Sisi tukikosa kombe msimu mmoja tunabadilisha kocha.

Halafu akafanya kazi ambayo sioni ikisifiwa vya kutosha. Baada ya Sochi kulikuwa na binti mwingine wa Kitami, Chinami Yoshida, dada yake Yurika. Alikuwemo kwenye timu ya Sapporo, kisha akaondolewa, na akawa anafikiria kuuacha mchezo kabisa. Motohashi akamwita nyumbani. Mwaka uliofuata, 2015, akaja Satsuki Fujisawa. Huyu pia ni mzaliwa wa Kitami, lakini alikuwa amekwenda kucheza Karuizawa, na huko aliongoza timu yake kuchukua ubingwa wa Japani mara nne mfululizo. Naye alikuwa ameikosa Sochi.

Fujisawa ni nahodha. Loco Solare tayari ilikuwa na nahodha: Motohashi mwenyewe, mwenye timu. Mwaka huohuo Motohashi akawa mjamzito. Akampa Fujisawa kiti. Alipojifungua na kurudi barafuni hakukidai. Akachukua nafasi ya tano, ya mchezaji wa akiba.

Nimecheza netiboli miaka ya shule, na msimu mmoja mzima nilikaa benchi nikishika chupa za maji. Hakuna aliyenieleza kazi yangu ilikuwa nini, na nilirudi bwenini kila Jumamosi nikiamini sina kazi. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Motohashi niliganda kwenye jambo moja: mchezaji wa akiba katika kelingi anafanya nini?

Anafanya hivi. Mechi za siku zikiisha, usiku, timu hupewa muda mfupi wa kujaribu mawe yatakayotumika kesho. Wachezaji wanne wamekwenda kula na kulala. Mchezaji wa akiba na kocha ndio wanaobaki kwenye barafu. Anasukuma jiwe, anatazama limepinda kiasi gani na limechukua sekunde ngapi, anaandika. Anasukuma la pili, anaandika. Anatafuta mapacha, yaani mawe mawili yenye tabia moja, ili kesho yapewe mchezaji mmoja asibabaike. Jiwe tukutu analipangia mchezaji ambaye ataweza kulituliza. Asubuhi, wenzake wakiamka, karatasi ipo mezani. Kosa moja kwenye karatasi ile, na nahodha atakosa jiwe la mwisho mbele ya dunia nzima bila kujua kwa nini.

Kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, kazi hiyo ilikuwa ya Motohashi. Alikaa barafuni usiku pamoja na kocha Mkanada, J. D. Lind, akiwajulia tabia mawe ambayo wangesukuma wengine. Mtu aliyekuwa sura ya mchezo huo Japani miaka kumi na miwili kabla! Na mchana, raundi ya tano ikiisha, kuna mapumziko mafupi, ndipo akiba anaingia na chakula. Walikula matunda, walikula keki ya jibini ya Kitami, na Wajapani wakaipenda picha ile ya mabinti wamekaa chini wakitafuna hivi kwamba keki ile ilikwisha madukani.

Kulikuwa na jambo jingine. Wachezaji wa kelingi huvaa vinasa sauti, watazamaji wanasikia kila neno. Nahodha akitoa wazo, mwenzake anajibu "sodane", kwa lafudhi ya Hokkaido, neno la kukubali, kama mtu wa pwani anavyosema "ehee, ndo hivyo". Wanabishana juu ya jiwe gumu, sodane. Wamekosea, sodane. Lafudhi ya shamba, ambayo mtu akienda Tokyo huificha, ikasemwa nchi nzima, na mwisho wa mwaka ikatunzwa kuwa neno la mwaka Japani. Nami naamini kabisa kwamba timu iliyoundwa na watu wa kijiji kimoja huzungumza hivyo, na kwamba Motohashi alilijua hilo tangu 2010.

Nusu fainali walicheza na Korea Kusini, wenyeji. Walikuwa nyuma, wakaiba pointi moja raundi ya kumi, yaani wakaipata ingawa jiwe la mwisho lilikuwa la wapinzani, saba kwa saba, ikachezwa raundi ya nyongeza. Nahodha wa Korea, Kim Eun-jung, akaliingiza jiwe lake la mwisho ndani ya nyumba. Nane kwa saba. Wakalia.

Kesho yake, Jumamosi tarehe 24 Februari, mechi ya shaba na Uingereza. Kwetu ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa nimekaa na simu iliyokuwa inakwama kila baada ya muda. Raundi ya tisa Japani wakaiba pointi, nne kwa tatu. Raundi ya kumi, jiwe la mwisho ni la Uingereza, mkononi mwa Eve Muirhead, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa kizazi chake. Akichukua moja wanakwenda nyongeza. Akichukua mbili, medali ni yao. Akazitafuta mbili. Jiwe likatoka, wenzake wanasugua, likagonga, mawe yakasogea, na jiwe moja likatulia katikati ya nyumba. Nikalitazama mara mbili. Lilikuwa la Japani. Tano kwa tatu.

Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki ya kelingi kwa nchi ile, ya wanaume au ya wanawake. Miaka miwili kabla, mwezi Machi 2016, walikuwa wamekwisha kuchukua medali ya fedha ya ubingwa wa dunia kule Kanada, nayo ilikuwa ya kwanza, na Motohashi alikwenda akiwa na mtoto wa miezi michache tu nyumbani. Mzee Oguri hakuiona shaba. Alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 88.

Waliporudi Kitami, Chinami Yoshida alisimama mbele ya watu wa kwao akasema kwa machozi kwamba mji huu hauna kitu, na kwamba utotoni aliamini mtu akibaki hapa ndoto yake haitimii kamwe. Kisha akasema sasa anaona kwamba asingekuwa hapa, isingetimia. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Huyu ni yule aliyeondolewa kwenye timu na kuitwa nyumbani na Motohashi.

Najua mwalimu mmoja hapa atasema Motohashi alipata bahati: mimba ilimtoa kwenye unahodha, hakuamua mwenyewe. Niliwaza hivyo. Lakini angalieni alichofanya baada ya medali. Hakurudi kudai kiti. Mwaka huohuo wa 2018 aliisajili Loco Solare kuwa taasisi yenye uongozi wake, akabeba kazi ya wafadhili na mipango, kisha akaanzisha timu nyingine ya vijana, Loco Stella, akaingia humo kucheza na mabinti waliokuwa wadogo kwake kwa miaka mingi. Alianza upya chini kabisa, kwa hiari yake.

Wale wanne wa Pyeongchang wakaenda Olimpiki ya Beijing mwaka 2022. Mechi ya mwisho ya makundi walifungwa na Uswisi, na Fujisawa akawa analia mbele ya kamera akijua wametolewa, ndipo akaambiwa matokeo ya mechi nyingine yamewapeleka nusu fainali. Machozi yaleyale yakageuka mengine usoni hapohapo. Nusu fainali wakakutana tena na Uswisi, wakawafunga nane kwa sita. Fainali Uingereza ya Muirhead iliwashinda kumi kwa tatu, wakachukua medali ya fedha. Kiti cha tano, cha karatasi ya mawe, alikikalia Kotomi Ishizaki, mwanamke wa miaka 43 aliyecheza na Motohashi kule Vancouver. Motohashi mwenyewe hakuwa kwenye timu; alikuwa kiongozi wa taasisi.

Ule ukumbi wa mwaka 1988 umekwisha kupumzishwa. Tangu 2013 kuna mpya, wenye kanda sita, na jioni watoto wa wavuvi na wakulima wa vitunguu wanaingia humo na brashi zao.

Nimeihifadhi raundi ile ya kumi kwenye simu yangu, na leo haikwami. Mwenyekiti amenipa nusu saa baada ya chai. Ninaanza na ninyi mnaokaa benchi. Njooni hapa mbele na daftari. Nimechora kwenye ubao mawe kumi na sita, tutayaandikia tabia moja moja.